Hofu na Mkumbo katika The Crucible: Mwongozo Kamili wa Kuandika Insha ya Uchambuzi

Swali hurudi mwaka baada ya mwaka, kwa maneno tofauti kidogo: eleza jinsi hofu inavyoongoza matendo ya wahusika katika The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller kuhusu msako wa wachawi katika mji wa Salem, Marekani. Majibu nayo huanguka mahali pale pale. Mwandishi wa insha husimulia kisa kuanzia msituni hadi kwenye kitanzi, na kila baada ya aya mbili hupachika sentensi ya aina ya "hii inaonyesha kwamba watu wa Salem walikuwa na hofu". Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo, na ninaweza kusema kwamba tatizo si uvivu. Wengi wao wamesoma kitabu vizuri.

Tatizo ni kwamba neno hofu linachukuliwa kama wingu lililotanda juu ya mji mzima na kumlowesha kila mtu sawasawa. Katika tamthilia hii hofu hufanya kazi kama biashara: kila mhusika anaogopa kitu chake, mtu mwingine anakitambua kitu hicho, anamwonyesha mlango wa kutokea, na nauli ya kupita mlango huo hulipwa na mtu wa tatu ambaye mara nyingi hayupo chumbani. Ukiifuata biashara hiyo hatua kwa hatua, insha itajijenga.

## Vitu vya kuandaa

Nakala kamili ya tamthilia, yenye sehemu zote nne. Muhtasari hautoshi hata kidogo, kwa sababu muhtasari hueleza nani alimshtaki nani lakini huacha maelekezo ya jukwaani, na humo ndimo Miller alimoandika nani anatetemeka, nani anarudi nyuma, na nani anamtazama nani kabla ya kusema. Usiruke pia yale maelezo marefu ya mwandishi yaliyopenyezwa katikati ya mazungumzo ya Sehemu ya Kwanza.

Angalia kama toleo lako lina onyesho la ziada ambamo mkulima John Proctor na Abigail Williams, msichana aliyezini naye, wanakutana msituni. Matoleo mengine huliweka mwishoni kama kiambatisho na mengine hayana kabisa. Lisome, lakini usiegemeze hoja yako juu yake.

Daftari lenye ukurasa mmoja mpana uliogeuzwa ulale, kwa ajili ya jedwali. Penseli mbili za rangi tofauti. Siku tano: mbili za kusoma, moja ya jedwali na uchambuzi, moja ya kuandika, moja ya kusahihisha.

Filamu ya mwaka 1996 iache hadi umalize jedwali. Filamu hiyo huanza kwa kutuonyesha wasichana wakicheza msituni, ilhali katika tamthilia yenyewe hatuuoni msitu huo kabisa. Tunasikia tu watu wakibishana kuhusu kilichotokea huko. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hofu ya Salem hulishwa na kile ambacho watu hawakukiona, na aliyetangulia kuona filamu hupoteza giza hilo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

## Hatua ya 1: Soma mara mbili, kwa macho tofauti

Mara ya kwanza soma kama msomaji wa hadithi, bila kalamu mkononi. Lengo ni kujua nani ni nani, kwa sababu wahusika ni wengi na majina yao hayatulii kichwani kwa urahisi.

Mara ya pili tumia penseli. Kwa rangi ya kwanza piga mstari kila mahali ambapo mhusika anaonyesha hofu, iwe kwa maneno au kwa kitendo kilichoelezwa katika maelekezo ya jukwaani. Kwa rangi ya pili piga mstari kila mahali ambapo jina la mtu linatajwa kwa tuhuma.

Ukifanya kazi hii kwa uangalifu, utaona jambo ambalo hakuna muhtasari utakaokuambia: rangi hizo mbili hufuatana. Mtu anaogopa, na mistari michache baadaye jina linatoka. Katika kurasa za mwisho za Sehemu ya Kwanza rangi ya pili hufurika, majina yakimwagika moja juu ya jingine hadi pazia linapofungwa. Kama kurasa zako hazionyeshi mfuatano huo, umepiga mistari kwa haraka, rudi.

## Hatua ya 2: Tenganisha hofu na mkumbo

Hapa pana mtego wa lugha. Waliosoma fasihi wamezoea neno taharuki kwa maana ya ile hamu ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Ukiandika "taharuki ya watu wa Salem" msahihishaji anaweza kudhani unazungumzia mbinu ya utunzi. Kwa sababu hiyo napendelea neno mkumbo, kama tunavyosema mtu amefuata mkumbo: amebebwa na wengi na miguu yake haigusi tena chini.

Hofu ni ya mtu mmoja na ina sababu inayoweza kutajwa. Tituba, mtumwa wa Mchungaji Parris, anaogopa kamba. Mkumbo ni wa wengi, na humfanya mtu aone kile ambacho wenzake wanasema wanakiona. Kipimo chake ni swali moja: je, mhusika huyu angefanya hivi kama angekuwa peke yake chumbani? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni hofu. Kama ni hapana, andika mkumbo.

Mfano bora wa mkumbo hutolewa na Mary Warren mwenyewe, mtumishi wa akina Proctor na mmoja wa wasichana wanaoshtaki watu, katika Sehemu ya Tatu. Anapoulizwa mahakamani ilikuwaje akazimia ikiwa hapakuwa na mizimu, anajibu kwa kukwamakwama kwamba aliwasikia wenzake wakipiga mayowe, akawaona waheshimiwa wakiyaamini, mchezo ukageuka, dunia nzima ikawa inalia mizimu, naye akadhani ameiona. Jibu hilo lisome mara tatu. Halina uongo wala ukweli wa kawaida. Ni ushahidi wa mtu aliyebebwa.

Onyo: wapo wasio na hofu wala mkumbo. Thomas Putnam, tajiri wa Salem, ndiye wa kwanza. Anayo tamaa ya ardhi, na mkulima mzee Giles Corey anadai mbele ya mahakama kwamba Putnam alimchochea binti yake amshtaki George Jacobs, kwa kuwa Jacobs akinyongwa mali yake itataifishwa na hakuna mwingine mwenye fedha za kuinunua. Ukimweka Putnam kwenye orodha ya waoga, hoja yako itavunjika. Mtengenezee safu yake: wanaonufaika na hofu ya wengine.

## Hatua ya 3: Jaza jedwali la nguzo nne

Chora nguzo nne katika ule ukurasa uliolala. Ya kwanza: anaogopa nini hasa. Ya pili: anaonyeshwa mlango gani. Ya tatu: anafanya nini. Ya nne: nani analipa. Nguzo ya nne ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayotenganisha insha ya wastani na insha nzuri.

Anza na Mchungaji Parris, kwa sababu hofu yake imeandikwa waziwazi tangu ukurasa wa kwanza. Binti yake Betty amelala haamki, naye amewaona wasichana wakicheza msituni usiku. Wengi huandika kwamba anaogopa uchawi. Tazama tena. Anachokiuliza kwanza ni maadui zake watasema nini, na kama kundi linalotaka kumwondoa mimbarani litapata silaha. Mwanzoni hataki hata neno uchawi litamkwe nyumbani mwake. Lakini lawama inapopata mahali pengine pa kukaa, yaani juu ya kijakazi wake Tituba, Parris yuleyule anakuwa mshabiki mkubwa wa msako. Hofu haikubadilika, mlango tu ndio uliopatikana.

Ann Putnam, mke wa Thomas, amezika watoto saba na amebakiwa na binti yake Ruth peke yake, ambaye naye ameugua. Hofu yake ina uchungu wa kweli na insha isiidharau. Hata hivyo yeye ndiye aliyemtuma Ruth kwa Tituba azungumze na wafu, na kwa Salem hilo ni kosa la kutisha. Akiupata ushahidi kwamba wachawi ndio waliowaua watoto wake, huzuni yake inapata maelezo na hatia yake inapata pa kuangukia. Anayelipa ni Osburn, mkunga aliyemzalisha mara tatu, na baadaye Rebecca Nurse, mwanamke ambaye watoto wake mwenyewe wamekua na kumpa wajukuu.

Abigail Williams jaza mistari miwili. Katika mstari wa kwanza anaogopa adhabu kwa yaliyotokea msituni, na kwa hofu hiyo anawatishia wenzake kwamba atakayesema atakiona cha moto usiku. Katika mstari wa pili, kuanzia mwisho wa Sehemu ya Kwanza, amegundua kwamba hofu ya wengine ni mali yake. Wanaoandika kuwa Abigail ni "mwovu" na kuishia hapo wameuruka mstari wa kwanza.

Waliobaki wajaze mwenyewe: Tituba, Mary Warren, Elizabeth na mumewe John Proctor, Mchungaji Hale aliyeitwa kuchunguza uchawi, na Danforth, Naibu Gavana anayeongoza mahakama. Kwa Proctor usiandike "anaogopa kifo". Katika Sehemu ya Pili Elizabeth anamsihi aende mjini akaseme kwamba Abigail alimwambia jambo la msituni halikuhusu uchawi, naye anasitasita. Sababu ni kwamba Abigail alimwambia hayo wakiwa wawili tu, na kulisema hilo ni kufungua mlango wa uzinzi wake. Anachoogopa ni jina lake. Ukilipata hili mapema, Sehemu ya Nne haitakushangaza.

Jedwali limekamilika pale unapoweza kufunika nguzo ya kwanza kwa kiganja na bado ukaitambua hofu ya mtu kwa kutazama kitendo chake peke yake.

## Hatua ya 4: Chukua matukio mawili na uyachambue kwa karibu

Matukio mawili yaliyochambuliwa hadi mfupa yana thamani kuliko kumi yaliyoguswa. Mimi hupendekeza kuungama kwa Tituba na kuvunjika kwa Mary Warren, kwa sababu yamejengwa kwa mchoro mmoja, na mwanafunzi akiuona mchoro huo huwa ameishapata nusu ya insha.

Tazama tukio la Tituba pole pole. Abigail, akibanwa na Hale, anamsukumia lawama. Parris anamwambia Tituba aungame ama atachapwa mijeledi hadi afe. Putnam anapaza sauti kwamba anyongwe. Tituba anaanguka magoti na kusema kwamba amekwisha kumwambia hataki kumfanyia kazi. Nani? Parris anadakia: Shetani? Hapo sentensi moja ya mwanamke aliyepatwa na kihoro imekwisha kugeuzwa ungamo, na swali linalofuata si tena kama alimwona Shetani, bali alikuja na nani.

Kisha sauti inabadilika. Hale anamshika mkono na kumwambia kwa upole kwamba Mungu atambariki kwa msaada wake. Mtumwa huyu, aliyeletwa kutoka Barbados na ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza, ghafla ni chombo cha Mungu. Tituba bado hana jina la kutaja. Ni Putnam anayempa majina: Sarah Good? Osburn? Na muda mfupi baadaye majina hayo hayo yanatoka kinywani mwa Tituba. Ann Putnam anashangilia kwamba alijua tangu zamani.

Andika mchoro huo kwa vipande: kitisho cha kifo, swali lenye jibu ndani yake, mkono wa upole, jina lililopendekezwa, shangwe ya waliokuwa wakilitamani. Mfa maji haishi kutapatapa, lakini hapa waliosimama ukingoni ndio wanaomchagulia pa kushika.

Usimalize hapo. Papo hapo Abigail anainuka na kulia kwamba naye anataka kufunguka, akirudia majina yale yale na kuongeza la Bridget Bishop. Betty, aliyekuwa hajiwezi kitandani, anainuka na kudakia. Hapa ndipo hofu ya mtu mmoja inapovuka kuwa mkumbo, na ukiweza kuonyesha mstari halisi ambapo uvukaji huo unatokea, msahihishaji ataweka kalamu chini na kusoma.

Sasa linganisha na Mary Warren katika Sehemu ya Tatu. Amekuja na Proctor kukiri kwamba wasichana wanajifanya. Mahakama inamwambia ajaribu kuzimia sasa hivi, naye hawezi, na anasema kwamba sasa hana hisia hiyo. Kushindwa kwake ndiko ushahidi mzuri kuliko wote katika tamthilia nzima, maana bila umati hawezi hata kujidanganya, lakini majaji wanauhesabu kuwa dhidi yake. Kisha Abigail anahisi upepo wa baridi. Baadaye anaona ndege wa manjano juu ya boriti. Wasichana wanaanza kuyarudia maneno ya Mary neno kwa neno, hata anapowaomba waache. Danforth anamwambia aungame ama atanyongwa.

Umeisikia sentensi hiyo kabla. Ni ile ile aliyoambiwa Tituba, isipokuwa sasa inatoka kwa Naibu Gavana. Mary anamgeukia Proctor, anamwita mtu wa Shetani, anakimbilia kwa Abigail, na Abigail anamkumbatia. Kitisho, kisha mkono wa upole. Na bei ni mtu aliyemleta mahakamani kusema kweli.

Onyo kuhusu nukuu: chagua fupi, maneno sita hadi kumi, na baada ya kila nukuu andika angalau sentensi mbili zako. Nukuu ndefu isiyofuatwa na maelezo ni hofu ya mwandishi wa insha mwenyewe.

## Hatua ya 5: Usiwasahau walio juu

Insha nyingi huweka hofu kwa wanyonge na kuwaachia majaji ukatili peke yake. Hilo ni kosa la uchambuzi. Danforth anaogopa, na hofu yake ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote.

Ushahidi upo katika tarakimu anazozitaja mwenyewe. Anamwambia Francis Nurse, mume wa Rebecca, kwamba watu karibu 400 wako magerezani kutoka Marblehead hadi Lynn, na 72 wamehukumiwa kunyongwa kwa saini yake. Anazitaja kwa kiburi, lakini jiulize zinamfanyia nini. Kila saini ni sababu moja zaidi ya kutokubali kwamba wasichana wanadanganya, maana wakiwa wanadanganya yeye ni nani? Hale, aliyetia saini hati za kifo zile zile 72, anaanza kutetemeka mkono. Danforth anazidi kukaza. Hofu moja, njia mbili. Linganisho hili peke yake linatosha aya nzima.

Kisha chukua tukio la hati ya watu 91. Francis Nurse ameleta majina ya wakulima waliotia saini kwamba wanawake waliokamatwa ni watu wema. Danforth anaamuru wote waliotia saini wakamatwe wahojiwe. Francis anapigwa na butwaa, kwa sababu aliwaahidi kwamba hakuna baya litakalowapata. Danforth anaeleza kwamba mtu ama yuko pamoja na mahakama hii ama ahesabiwe kuwa kinyume chake, wala hakuna njia ya katikati. Hapo mlango wa mwisho usiohitaji kumtaja mwingine umefungwa rasmi.

Katika Sehemu ya Nne, Abigail ametoroka na fedha za Parris, kuna fununu za uasi mjini Andover, na Parris amekuta kisu mlangoni pake. Sasa Parris anaomba hukumu ziahirishwe. Danforth anakataa, na sababu anayoitoa ni kwamba 12 wamekwisha kunyongwa kwa kosa hilo hilo, na kumsamehe yeyote sasa ni kutia shaka juu ya waliotangulia. Wafu wa jana wanadai wafu wa leo. Ukimwona Parris hapa, kumbuka ulipoanza naye: aliogopa majirani ukurasa wa kwanza, na anawaogopa hao hao ukurasa wa mwisho.

## Hatua ya 6: Pima hoja yako kwa waliokataa

Kama hofu ingekuwa inaamua kila kitu, Rebecca Nurse angeungama. Kwa hiyo lazima insha iwe na nafasi ya wanaoogopa na bado wasiuze mtu. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami ndiyo ninayoipenda.

Giles Corey aliwahi kutaja kwa udadisi tu kwamba mkewe Martha husoma vitabu, na neno hilo likampeleka Martha gerezani. Anapotakiwa mahakamani kumtaja shahidi wake dhidi ya Putnam, anakataa, akisema kwamba alilitaja jina la mkewe mara moja na hilo linatosha. Baadaye tunaelezwa kwamba amekufa akilaliwa na mawe, akiomba uzito uongezwe. Katika nguzo yako ya nne, andika: analipa mwenyewe.

Elizabeth ni mgumu zaidi na anastahili uangalifu. Anaitwa kuthibitisha uzinzi wa mumewe, bila kujua kwamba Proctor amekwisha kukiri, na mwanamke asiyewahi kusema uongo anasema uongo ili kulinda jina la mumewe. Uongo huo unamwangamiza Proctor. Ni kinaya kikali: kitendo pekee kilichofanywa kwa hofu juu ya mtu mwingine ndicho kinachofunga kesi.

Proctor naye anakubali kutia saini ungamo la uongo, kwani anaogopa kufa kama mtu yeyote. Anachokataa ni kutaja wengine, na mwishowe anaichana karatasi isibandikwe mlangoni mwa kanisa. Usiandike kwamba ameishinda hofu. Hofu ya kupoteza jina ndiyo iliyomfungia nyumbani katika Sehemu ya Pili, na ndiyo inayompeleka mtini katika Sehemu ya Nne. Kilichobadilika ni nani anayelipa.

## Hatua ya 7: Andika kauli kuu kwa sentensi moja

Kauli kuu iandikwe baada ya jedwali. Ukiianza kabla, utaishia kutafuta ushahidi wa jambo ulilolikisia.

Kauli dhaifu: "Katika The Crucible, hofu ina nafasi kubwa na inasababisha matatizo mengi." Hakuna anayeweza kuipinga, kwa hiyo haisemi kitu.

Kauli yenye nguvu: "Katika The Crucible, hofu inakuwa na nguvu ya kuua pale mahakama inapoifanya tuhuma kuwa njia pekee ya kujiokoa, hivi kwamba hata mtu mkweli kama Mary Warren hawezi kubaki hai bila kumtoa mwenzake." Ina mhusika, ina sababu, na kuna anayeweza kuibishia kwa kusema kwamba mkumbo ulianza kabla ya mahakama. Kauli inayoweza kubishiwa ndiyo inayofaa.

Usiichukue kauli hii kama ilivyo. Jedwali lako lina yako.

## Hatua ya 8: Jenga aya kwa mpangilio wa hofu, si wa kurasa

Mpangilio wa kurasa humrudisha mwandishi kwenye kusimulia. Panga kwa aina za hofu: hofu ya mwili, yaani kiboko na kitanzi, hofu ya jina na cheo, kisha hofu ya kukubali kosa. Waliokataa wafuate.

Kila aya ianze na dai, si na tukio. "Baada ya hapo Mary anaingia mahakamani" ni mwanzo wa masimulizi. "Mary anasalimu amri pale anapogundua kwamba ukweli hauna mlango" ni dai, na tukio litakuja kulitumikia.

## Hatua ya 9: Historia ipe aya moja

Matukio halisi yalitokea mwaka 1692 huko Salem, Massachusetts: watu 19 walinyongwa na Giles Corey akafa kwa kulaliwa na mawe. Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Januari 1953, wakati Marekani ilipokuwa katika msako wa wakomunisti unaohusishwa na Seneta Joseph McCarthy.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kudai kwamba Miller aliandika tamthilia hii kwa sababu aliitwa kuhojiwa kuhusu ukomunisti. Aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1956, miaka mitatu baada ya onyesho la kwanza, na akakataa kutaja majina ya wengine. La pili ni kuutumia uhusiano wa Proctor na Abigail kama historia. Abigail halisi alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12 na Proctor alikuwa na umri wa takriban miaka 60. Uhusiano huo ni ubunifu wa Miller, naye alimwongezea Abigail umri kwa ajili hiyo.

## Hatua ya 10: Sahihisha kwa penseli zile zile

Acha insha ilale usiku mmoja. Asubuhi chukua penseli ya kwanza na upige mstari chini ya kila sentensi inayosimulia kilichotokea. Kwa ya pili, kila sentensi inayoeleza kwa nini. Rangi ya kwanza ikizidi ya pili katika aya yoyote, aya hiyo bado ni hadithi, na dawa yake ni kukata sentensi za kusimulia badala ya kuongeza za kueleza.

Tafuta kila mahali ulipoandika "watu wa Salem" na uweke jina la mtu. Ikiwa huna jina la kuweka, futa sentensi. Hatimaye kagua tahajia ya majina kwa kulinganisha na ukurasa wa wahusika, hasa Danforth, jaji Hathorne na Osburn.